Ngome Iliyopewa Jina la Yesu: Namna ya Kuizuru Fort Jesus ya Mombasa kwa Macho ya Imani



Wapendwa wasomaji wetu, juma hili tunaomba mturuhusu tuache kidogo masomo ya Dominika ili tuzungumze juu ya safari. Kila mwaka, hususan wakati wa likizo za shule, kwaya zetu, vyama vya kitume na vikundi vya vijana hupanda mabasi kwenda Mombasa, na ni nadra kikundi kurejea nyumbani bila picha zilizopigwa mbele ya kuta za Fort Jesus. Kabla ya kuondoka, viongozi wao hutuuliza swali moja: huko ngomeni watazame nini? Swali hili ni jema na linastahili jibu refu kuliko lile linalotolewa mlangoni mwa kanisa baada ya Misa.

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya nne, Waisraeli wanaagizwa kusimamisha mawe kumi na mawili yaliyotolewa katikati ya mto Yordani, ili siku za mbele watoto wao watakapouliza maana ya mawe yale, wazazi wapate kuwasimulia matendo ya Mungu. Tunajifunza hapo kwamba mawe peke yake hayatoshi. Panahitajika mzazi anayeijua habari na mwenye ujasiri wa kuisimulia yote. Fort Jesus nayo ni mawe, tena mawe ya matumbawe yaliyochimbwa papo hapo pwani, na mtoto wa kwanza mwenye akili atakayesimama mbele yake atauliza: kwa nini ngome ya mizinga ilipewa jina la Yesu? Ole wake kiongozi wa msafara ambaye hana jibu.

Tumewaona wageni wa aina mbili katika mahali pa namna hii. Wa kwanza ni mtembezi asiyeuliza kitu. Huingia, hupiga picha juu ya mzinga, hununua soda, hutoka. Wa pili ni mtafuta mashtaka. Huyo amesikia nusu ya habari ya mwaka 1631, kwamba Wakristo waliuawa Mombasa kwa ajili ya imani yao, basi huenda kukusanya ushahidi dhidi ya jirani yake Mwislamu. Tunathubutu kusema kwamba huyu wa pili ana hatari kubwa kuliko wa kwanza, kwa kuwa wa kwanza hutoka mikono mitupu, na wa pili hutoka na jiwe mkononi. Lengo la makala haya ni kumsaidia mwamini awe mgeni wa aina ya tatu, yaani yule anayeingia ngomeni kama anavyoingia katika kutafuta dhamiri kabla ya kuungama.

KABLA YA SAFARI: IJUE HABARI

Shauri letu la kwanza ni kwamba kikundi kikutane walau mara moja kabla ya safari, kwenye jumuiya au kwenye ukumbi wa parokia, mtu mmoja asimulie mambo makuu. Anayefika bila kujua lolote ataona kuta tu.

Asimulie kwamba Mombasa ilikuwa mji wa kale na wenye fahari kabla Mreno yeyote hajaiona. Vasco da Gama alifika mwaka 1498. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji na kuuchoma moto, na mwaka 1528 Nuno da Cunha aliuteka tena. Hao waliochoma nyumba za watu walikuwa wamebatizwa, na merikebu zao zilikuwa na alama ya msalaba katika matanga. Mwaka 1589, baada ya Waturuki chini ya Mir Ali Bey kufika pwani hii na kupokewa na miji kadhaa, Wareno waliipiga Mombasa kwa mara nyingine, wakaukabidhi mji kwa mtawala wa Malindi aliyekuwa rafiki yao. Hapo ndipo walipoamua kujenga ngome ya kudumu ya kulinda njia yao ya Bara Hindi.

Ujenzi ulianza mwaka 1593 na kukamilika kwa sehemu kubwa mwaka 1596, kwa amri ya Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alitawala Ureno pia. Aliyechora ramani yake alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, msanifu mkuu wa majengo ya Wareno katika Bara Hindi. Ngome ina buruji nne, yaani minara minene ya pembeni ya kuwekea mizinga, zilizopewa majina ya Mtakatifu Filipo, Mtakatifu Alberto, Mtakatifu Mathia na Mtakatifu Mathayo. Ukiitazama kutoka angani hufanana na mtu aliyelala chali, kichwa chake kikielekea baharini.

Iwekwe akilini pia tarehe ya kuzinduliwa kwake. Ngome iliwekwa wakfu na kuitwa Yesu wa Mombasa tarehe 11 Aprili 1593. Tukihesabu kwa kalenda ya Kanisa, Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 18 Aprili. Maana yake ni kwamba siku ile ilikuwa Jumapili ya Matawi. Katika siku ambayo Kanisa zima linamkumbuka Bwana akiingia Yerusalemu juu ya mwanapunda, mfalme asiye na farasi wala upanga, watu waliobeba matawi asubuhi waliliweka jina lake juu ya msingi wa mizinga. Hatuna haja ya kuwatukana. Waliamini kwa moyo kwamba wanamtumikia. Jambo hilo ndilo linalopaswa kututia hofu sisi tunaoamini kwamba tunamtumikia leo.

MAANDALIZI YA MWILI

Mtume Paulo hakudharau koti lake na vitabu vyake alivyoviacha Troa, nasi tusidharau mambo madogo ya safari.

Nendeni asubuhi. Ua wa ngome uko wazi, kivuli ni kichache, na jua la Mombasa saa sita mchana huwachosha wazee na watoto upesi. Kila mtu awe na kofia au mtandio na chupa ya maji. Viatu viwe vya kukanyagia mawe, maana njia nyingine zina mteremko na ngazi zilizolika. Wazee washikwe mkono kwenye kuta za juu.

Kiingilio hutofautiana kwa raia wa Kenya, kwa wakazi wa Afrika Mashariki na kwa wageni wa mbali, na watoto hulipa kidogo zaidi. Kwa hiyo kila mmoja achukue kitambulisho au pasipoti yake. Ni busara kuuliza mapema namna malipo yanavyofanywa, kwa sababu ofisi nyingi za serikali ya Kenya siku hizi hupokea fedha kwa njia ya simu au mtandao badala ya taslimu. Kikundi cha wanafunzi kipeleke barua ya shule au ya parokia.

Chukueni mwongozaji anayetambulika na uongozi wa jumba la makumbusho, mkubaliane naye malipo kabla ya kuanza, na mumwombe azungumze Kiswahili. Kusikia habari za pwani hii katika lugha iliyozaliwa pwani hii ni neema ambayo watalii wengi hawaipati. Tengeni saa mbili au zaidi. Kikundi kinachopewa dakika 30 kwa sababu basi linasubiri hakijaizuru ngome.

KITUO CHA KWANZA: LANGONI

Tunapendekeza ziara ifanywe kwa vituo, kama tufanyavyo Njia ya Msalaba: kusimama, kusikiliza, kunyamaza kidogo, kisha kusonga mbele.

Kabla ya kupita langoni, inueni macho. Juu ya lango yapo maandishi ya Kireno yaliyowekwa na kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, ambaye alipata cheo hicho akiwa na umri wa miaka 27. Mwombeni mwongozaji awafasirie. Kapteni anajisifu kwamba aliijenga upya ngome, akawatoza kodi wafalme wa pwani, akaiadhibu miji ya Pate na Siyu na kuzibomoa kuta zake, na kwamba huko Pemba aliwaua viongozi walioasi pamoja na wakuu wa mji. Hayo yote yameandikwa juu ya lango la nyumba yenye jina la Yesu, na aliyeyaandika hakuona aibu yoyote.

Mkiwa hapo, jiulizeni swali moja tu: juu ya mlango wetu, je, tumeandika sifa za nani? Kisha ingieni.

KITUO CHA PILI: UANI, PENYE MISINGI YA KANISA

Katika ua mtaonyeshwa misingi ya kanisa la Wareno. Kanisa lenyewe halipo tena. Hapa ndipo pa kusimulia habari ya mwaka 1631, na tunasihi isimuliwe kuanzia mwanzo wake.

Mtawala wa Malindi aliyekabidhiwa Mombasa alifuatwa na mwanawe, Sultani Hasan. Huyu aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia kwa watu wa bara, huko Rabai. Mwaka 1614 aliuawa huko kwa hila ya kapteni, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Aliacha mtoto mdogo wa umri wa miaka saba hivi, jina lake Yusuf. Wareno walimchukua mtoto yule, wakampeleka Goa, mji ule ule kilikopelekwa kichwa cha baba yake. Alilelewa na watawa Waagustino, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kuwa mfalme Mkristo chini ya Mfalme wa Ureno.

Alirudi katika mji ambamo watu wake walimwona mgeni kwa sababu ya dini yake, na Wareno walimdharau kwa sababu ya rangi yake. Mashahidi walioapa baadaye walieleza kwamba alionekana akisali kwenye kaburi la baba yake kwa desturi ya Kiislamu, na kwamba alihofia kupelekwa Goa kuhukumiwa. Katikati ya mwezi Agosti 1631, wakati Wakristo walipokuwa katika sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akautwaa mji. Siku zilizofuata, Wakristo waliokuwa wamejificha katika konventi ya Waagustino mjini walitakiwa kuikana imani. Waliokataa waliuawa: mapadri, wanaume, wanawake na watoto, Wareno na Waafrika, mamia ya watu.

Mwaka uliofuata, 1632, ushahidi wa kiapo ulikusanywa Goa kwa nia ya kuwaombea marehemu hao heshima ya altare. Mchakato huo haukufikia tamko, nasi hatuna ruhusa ya kuwaita Wenyeheri katika ibada ya hadhara. Hata hivyo hakuna anayetuzuia kuwakumbuka na kusali kimya mahali hapo. Tunaomba hasa wakumbukwe wale Wakristo wa Kiafrika, ambao wengi wao hawana jina katika masimulizi yetu, na ambao huenda walikuwa na njia rahisi ya kuokoa maisha yao kwa kujichanganya na ndugu zao wa mjini, lakini wakabaki waaminifu. Hao ni wazee wetu katika imani, waliotangulia miaka zaidi ya 200 kabla ya wamisionari wa karne ya kumi na tisa tunaozoea kuwaita waanzilishi.

Hapa ndipo mtego ulipo, ndugu wapendwa. Msimulizi akianza mwaka 1631, tutatoka ngomeni na hasira. Akiishia mwaka 1614, tutatoka na dharau kwa Kanisa. Ukweli unadai yote mawili yasemwe kwa pumzi moja. Damu ya mashahidi ni damu ya kweli, wala dhambi ya kapteni haiipunguzii thamani hata tone moja. Na kichwa cha Sultani Hasan ni kichwa cha kweli, wala utakatifu wa mashahidi haumfutii kapteni dhambi yake. Mtoto wa miaka saba alifundishwa Baba Yetu na watu wa taifa lililomwua baba yake; je, alipofika kwenye maneno ya kusamehe makosa, ni nani aliyewahi kumwomba yeye msamaha? Hatusemi haya ili kumwondolea hatia yake. Mwenye kumwua mtoto asiye na kosa ana hatia mbele ya Mungu, awe na kisa gani. Tunasema ili tuelewe jinsi dhambi inavyozaa dhambi, na jinsi ubatizo unavyojeruhiwa unapotolewa kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika upanga.

Yusuf aliiacha Mombasa mwaka 1632, akaishia kuwa mtu wa kuzurura baharini. Wareno wakarudi ngomeni, na baadaye kapteni kijana akaandika yale maandishi mliyoyasoma langoni. Sasa mnaelewa ni kisasi cha nini.

KITUO CHA TATU: MICHORO YA UKUTANI

Msiondoke bila kuona michoro iliyotoka kwenye buruji ya Mtakatifu Mathayo. Ilichorwa ukutani na watu wa ngomeni, askari au mabaharia, kwa makaa na rangi nyekundu ya udongo. Zipo merikebu nyingi, wapo watu wenye mavazi ya vita, na lipo kanisa. Si kazi ya fundi, ni kazi ya mtu aliye mbali na kwao, anayechora chombo ambacho siku moja kitamrudisha.

Tumeeleza ukatili wa wakubwa. Hapa mtaona upweke wa wadogo. Mwanahistoria Mkristo hana budi kuwaona wote wawili. Wengi wa askari wale walikuwa vijana maskini walioletwa na amri za wengine, na wengi walikufa kwa homa bila kuiona tena Ureno. Waombeeni.

KITUO CHA NNE: MABAKI YA MERIKEBU NA HABARI YA KUZINGIRWA

Katika jumba la makumbusho mtaona vyombo vilivyotolewa chini ya bahari kutoka kwenye merikebu iitwayo Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, na ambayo wataalamu walianza kuifukua mwaka 1977. Merikebu hiyo ilikuja kuleta msaada wakati Waarabu wa Oman walipoizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miezi 33.

Habari ya mzingiro huo husimuliwa mara nyingi kama vita kati ya Wakristo na Waislamu. Waulizeni waongozaji juu ya Bwana Daud wa Faza. Ngomeni walikimbilia watu wengi wa pwani, na wengi wao walikuwa Waislamu waliokuwa na urafiki na Wareno au uadui na Waomani. Mwaka 1697 maradhi yaliwamaliza Wareno wote waliokuwa ndani. Aliyeishika ngome hiyo, pamoja na jamaa zake na wanaume na wanawake wa Kiafrika, hadi msaada mwingine ulipofika mwezi Septemba, alikuwa huyo Bwana Daud, mwana wa jamaa ya kifalme ya Faza katika kisiwa cha Pate. Maana yake ni kwamba kwa majuma kadhaa ngome yenye jina la Yesu ililindwa na Mwislamu aliyekuwa ametoa neno lake kwa rafiki na hakulivunja.

Anayetafuta mashtaka hapendi habari hii, kwa kuwa inamharibia hesabu. Sisi tunaipenda sana. Inatukumbusha kwamba watu wa pwani hii walijua kuishi pamoja, kusaidiana na hata kufa pamoja, kwa namna ambayo vitabu vya vita haviwezi kuieleza.

KITUO CHA TANO: VYUMBA VYA WAFUNGWA

Ngome ilitwaliwa na Waomani mwaka 1698. Wareno waliirudia mwaka 1728, wenyeji wakawafukuza mwaka 1729. Wakafuata magavana wa ukoo wa Mazrui, hadi Sayyid Said alipoitwaa mwaka 1837. Nyumba ya Kiomani iliyo juu ya buruji ya Mtakatifu Filipo ni ukumbusho wa nyakati hizo, na kutoka hapo mtauona mji na bahari vizuri. Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka 1895 waliigeuza kuwa jela, ikabaki hivyo hadi mwaka 1958, ilipotengwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa na kuanza kukarabatiwa kwa msaada wa Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Jumba la makumbusho lilifunguliwa mwaka 1960, na mwaka 2011 UNESCO iliiingiza ngome katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Simameni kidogo mkumbuke neno moja la Kiswahili. Wareno walituachia maneno mengi ambayo tunayatumia bila kufikiri: meza, bendera, leso, mvinyo, hata neno padri ambalo mnatuitia sisi. Wataalamu wengi wa lugha wanaeleza kwamba neno gereza nalo limetokana na neno la Kireno igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Watu wa pwani waliona jengo moja lenye kuta nene ambamo Wareno walisali na pia waliwafunga watu, nao hawakuona sababu ya kutumia maneno mawili. Ngome ya kale kule Kilwa Kisiwani nayo inaitwa Gereza hadi leo.

Sisi mapadri tukilitafakari neno hili tunapata kigugumizi. Palikuwa na watu waliosikia neno kanisa, wakaangalia walichokiona kwa macho, wakaelewa jela. Hiyo ni hukumu ambayo hakuna mwanahistoria aliyeiandika. Imeandikwa katika kamusi yetu na kila mtoto anaitamka. Basi tujiulize: mtu maskini akipita leo mbele ya parokia yetu, akiliangalia geti letu, michango yetu, na namna tunavyompokea anayekuja na aibu ya dhambi yake, ataelewa neno gani?

MAMBO YA KUEPUKA

Msiandike majina yenu ukutani wala kung'oa vipande vya matumbawe kuwa kumbukumbu. Msiimbe nyimbo za dini kwa vipaza sauti ndani ya ngome kana kwamba mmeirudisha mikononi mwa Wakristo. Mkitaka kusali, salini kwa sauti ya chini. Mkitoka na kuingia Mji wa Kale kwa njia ya Ndia Kuu, vaeni kwa heshima, msipige picha za akina mama bila ruhusa, wala msiingie msikitini bila kukaribishwa. Siku ya Ijumaa ratibuni mwendo wenu ili msiwasumbue wanaokwenda kusali. Mkikutana na mzee amekaa barazani, msalimieni shikamoo na, akiwa na nafasi, mwulizeni habari za mtaa wake. Mara nyingi nusu saa barazani hufundisha zaidi ya siku nzima ya kusoma vibao.

Ikiwezekana, malizieni siku kwa kufuata barabara ya Nkrumah kutoka ngomeni hadi Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu. Ni mwendo mfupi wa miguu. Hapo mtakuta Yesu yule yule, bila mizinga, amekaa kimya katika tabernakulo akisubiri yeyote aingie.

KWA NINI TUNAYASEMA HAYA

Baadhi ya waamini wataona kwamba tunafukua aibu za Kanisa mbele za watu. Tunawajibu kwa upole kwamba Kanisa lenyewe limetutangulia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwasihi Wakristo na Waislamu wasibaki wafungwa wa ugomvi wa kale, bali wajitahidi kuelewana kwa dhati na kutetea pamoja haki na amani. Na tarehe 12 Machi 2000, Dominika ya kwanza ya Kwaresima ya mwaka wa Jubilei, Papa Yohane Paulo wa Pili aliomba msamaha kwa Mungu, mbele ya ulimwengu mzima, kwa makosa yaliyotendwa na wana wa Kanisa katika karne zilizopita, yakiwemo yale yaliyotendwa kwa kisingizio cha kuutumikia ukweli. Kama Baba Mtakatifu hakuona haya kupiga magoti, sisi ni nani hata tusimame wima?

Tena tunasema kwa sababu vijana wetu wanaishi na majirani. Kijana anayejua kwamba mababu wa imani yake waliuawa, na pia kwamba mababu hao hao waliua, atakuwa mgumu kuchochewa siku mchochezi atakapokuja. Hiyo ndiyo faida ya historia iliyosimuliwa yote.

Jioni, mkiwa bado ndani ya basi, kiongozi aulize maswali matatu na kila anayetaka ajibu. Ni jambo gani lililotufurahisha? Ni jambo gani lililotuaibisha? Na ni jirani gani tutakayemtembelea tukirudi nyumbani? Hilo la tatu lisiachwe bila jibu lenye jina la mtu na siku ya kwenda.

Mungu wa safari, aliyemwongoza Abrahamu kutoka Uru na Mamajusi hadi Betlehemu, awaongoze mwende salama na mrudi salama. Awajalie pumziko la milele wote waliokufa ndani ya kuta zile na nje yake, awe aliyekuja na merikebu au aliyezaliwa pale. Na jina la Mwanae, lililoandikwa juu ya mawe mwaka 1593, aliandike upya katika mioyo yetu, mahali lilipokusudiwa kukaa tangu mwanzo.

Tunawatakia Dominika njema, na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukie na kukaa nanyi daima. Amina.